Chakula cha njiwa wa mbio kutoka duka moja la River Road: tathmini baada ya mifuko mitano

Tangu mwishoni mwa Januari nimekuwa nikiwalisha njiwa wangu 24 wa mbio mchanganyiko wa nafaka unaofungashwa na duka moja la vyakula vya mifugo upande wa River Road, jijini Nairobi, na kwa kuwa juzi nimefungua mfuko wa tano, naona sasa nina la kusema kuuhusu. Duka sitalitaja jina, kwa sababu mfuko mmoja kati ya hiyo mitano ulikuwa na kasoro, na jambo lenyewe tulilimaliza palepale dukani.

Mfuko ni wa kilo 20 na niliuziwa kwa shilingi 2,200. Njiwa mmoja hula takriban gramu 30 za nafaka kwa siku, kwa hiyo banda langu humaliza mfuko kwa muda wa wiki nne hivi. Kabla ya hapo nilikuwa nikinunua kila nafaka peke yake kule Nyamakima, nikipepeta na kuchanganya mwenyewe juu ya paa la nyumba yetu hapa Pangani, kazi iliyokuwa ikinila Jumamosi nzima. Ukipiga hesabu ya nafaka tupu, kuchanganya mwenyewe bado ni nafuu. Ukitia nauli na muda, tofauti inakuwa ndogo.

Mfuko wa kwanza sikuuamini, basi nilipima gramu 200 kwa mizani ya jikoni, nikazimwaga kwenye ungo na kuzichambua aina kwa aina. Nilipata mahindi gramu 94, mtama 41, mbaazi 30, ngano 22, alizeti 9, na gramu 4 za makapi, vijiti na vumbi. Makapi kiasi hicho ni machache mno kwa nafaka ya kununua. Kilichonifurahisha zaidi ni mahindi yenyewe: ni punje nzima, ndogo, zilizopitishwa kwenye chekecheke, si yale mahindi ya kupasua yanayouzwa kwa ajili ya kuku. Njiwa humeza punje bila kuivunja na kuiachia firigisi kazi ya kusaga, hivyo kupasuliwa hakumsaidii kitu, ilhali punje iliyopasuka imekwisha kupoteza ganda lake na hushika ukungu upesi. Nilichukua vilevile punje 100 za mahindi hayo, nikazifunga katika kitambaa kibichi, na siku ya nne zilikuwa zimechipua 93. Nafaka inayochipua bado ina uhai ndani yake, na kipimo hiki hakigharimu chochote ila subira.

Changarawe hamna ndani ya mfuko, wala hawadai kuwa imo. Inanunuliwa kando, na bila hiyo firigisi haina meno.

Tatizo langu la kwanza linahusu maelekezo yaliyobandikwa nje, yanayosema kwamba chakula hiki ni cha njiwa wa rika zote, mwaka mzima. Hilo si kweli, na mfugaji mgeni akilifuata ataishia kuwa na njiwa wanene wanaokaa juu ya bati wakitazama mawingu. Njiwa anaporuka kwa saa kadhaa, mwili wake huchoma mafuta hasa, kwa hiyo siku mbili tatu kabla ya safari anahitaji mahindi na alizeti kwa wingi. Lakini siku za mwanzo baada ya kurudi anahitaji chakula chepesi kitakachomsafisha tumbo bila kumnenepesha. Mchanganyiko huu, ambao karibu nusu yake ni mahindi, unafaa sana mwisho wa wiki ya mbio na ni mzito mno mwanzoni mwake. Mimi huuchanganya nusu kwa nusu na shayiri tangu Jumatatu hadi Jumatano, Alhamisi nikaipunguza shayiri, na Ijumaa na Jumamosi nikautoa kama ulivyo pamoja na kiganja cha alizeti juu yake.

Shayiri ina faida nyingine ambayo wafugaji wa siku nyingi wanaijua, nayo ni kwamba njiwa huiacha mwisho. Wakianza kuiruka na kuchagua kilicho kando yake, ujue wameshiba, na hapo ndipo pa kuondoa kihori. Kihori kinachoachwa kimejaa kutwa nzima humharibu njiwa wa mbio kuliko njaa, kwa maana njiwa asiye na hamu ya chakula haitikii mluzi, na njiwa asiyeitikia mluzi anaweza kufika nyumbani wa kwanza kisha akatua juu ya paa dakika kumi nzima huku saa ikihesabu.

Kwa utaratibu huo, matokeo yalianza kuonekana mkononi kabla ya kuonekana angani. Jike wangu mmoja wa kijivu alitoka gramu 462 hadi 431 kwa wiki tatu, na hakukonda. Kifua kilijaa kiganja, mwili ukawa mwepesi kuliko macho yalivyotarajia, na nilipomwachia, vidole vyangu vilibaki na ule unga mweupe wa manyoya ambao njiwa mgonjwa hana. Mwezi Machi tuliwaachilia njiwa 12 kutoka Sultan Hamud, ambako kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 100 kutoka kwangu. Walirudi 11, wa kwanza kwa saa moja na dakika 24, yaani takriban mita 1,190 kwa dakika. Wa kumi na mbili sikumwona tena, na sitamlaumu muuza nafaka kwa kazi ya kipanga. Wala sitampa sifa zote za hao 11. Wengi wetu tumesikia habari za New Kim, jike wa Ubelgiji aliyeuzwa kwa euro milioni 1.6 mnamo Novemba 2020, tukaamini kwamba kila kitu kimo katika damu. Kuna wengine wanaoamini kwamba kila kitu kimo katika gunia. Mazoezi ya kila asubuhi yapo katikati, na hayauzwi dukani.

Kwa njiwa wanaolea makinda chakula hiki hakitoshi. Kwa hesabu yangu protini yake ni kama asilimia 11 au 12, kiasi kinachomtosha njiwa anayeruka, lakini mzazi anayejaza gole (mfuko wa chakula shingoni) la makinda wawili wanaokua mbio mbio anahitaji zaidi, na vivyo hivyo njiwa anayebadilisha manyoya, kwa kuwa unyoya wenyewe ni protini tupu. Kwa wazazi mimi huongeza mbaazi na ndengu hadi jamii ya kunde ifike karibu theluthi moja ya chakula chote. Duka lingeweza kufungasha aina mbili na kutuondolea taabu hii.

Sasa mfuko wa nne. Niliununua mwishoni mwa Aprili, katikati ya masika, na nilipoufungua sehemu ya juu ilikuwa safi kama siku zote. Siku ya sita, nilipoingiza mkono hadi chini, harufu ya ukungu ilinijia puani; kona moja ya mfuko ilikuwa na punje zilizogandana, nyingine zikiwa na kiini cheusi, na fukusi wakitembea humo. Nilikuwa nimekwisha kuwalisha asubuhi na jioni ya siku iliyotangulia. Njiwa wanne waliamka na magole yenye chakula cha jana, kinyesi kikawa cha kijani na chepesi kama maji. Niliwatoa kwenye mahindi kabisa, nikawapa shayiri na maji safi kwa siku nne, wakapona wote, ingawa dume mmoja nilimpumzisha mwezi mzima. Kati ya punje 100 za kona ile zilichipua 57.

Nawaomba wenzangu wasilichukulie jambo hili kama kero ndogo ya kupepetwa na kusahauliwa. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu wa nafaka, haionekani kwa macho, haiondoki kwa kuosha wala kwa kuanika, na sisi Wakenya tuna sababu ya kuifahamu, kwa kuwa mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 katika maeneo ya Ukambani, hasa Makueni na Kitui. Ndege ndio hasa waliofanya wanasayansi waigundue, baada ya zaidi ya batamzinga 100,000 kufa Uingereza mnamo 1960 kwa kula mashudu ya karanga yaliyooza. Mfuko wenye kona mbovu hutupwa mzima, hata kama juu unang'aa.

Niliurudisha dukani. Mwenye duka, mama wa makamo, aliingiza mkono hadi chini, akanusa kiganja, akasema, "Baba, kona hii ndiyo iliyokaa sakafuni," kisha akamtuma kijana aniletee mwingine bila ubishi wala kuniuliza risiti. Kwa hilo nampa heshima yake. Nilipotazama nyuma ya kaunta niliona mifuko imepangwa moja kwa moja juu ya saruji, ikiegemea ukuta wenye unyevu. Niliporudi mwishoni mwa Mei nilikuta imewekwa juu ya mbao.

Lipo jambo moja ambalo hatukuelewana. Dukani humo huuzwa pia vijipakiti vya antibayotiki ya kuku, ambavyo kijana wa mauzo huwashauri wafugaji wa njiwa kuvitia majini kila mwezi "kama kinga". Utando wa manjano kooni mwa njiwa husababishwa na kijidudu kiitwacho Trichomonas, ambacho si bakteria, kwa hiyo unga ule haukigusi. Na dawa itolewayo bila ugonjwa hufundisha bakteria kuizoea. Kamuone daktari wa mifugo ukiwa na sampuli ya kinyesi mkononi, utatumia pesa kidogo kuliko za vipakiti vya mwaka mmoja.

Mfuko wa tano ni mzuri hadi chini, nimekwisha kuuchunguza. Naendelea kununua hapo, ila sasa naomba mfuko ufunguliwe mbele yangu, nichote kutoka kona ya chini kabla ya kulipa. Kilichokuwa kimebaki ni tarehe ya kufungasha, ambayo haikuwa imewahi kuandikwa kwenye mfuko hata mmoja. Nilipomwambia hivyo yule kijana, alicheka, akachomoa kalamu nyuma ya sikio na kunikabidhi: "Mzee, andika ya leo, huu tumeufunga asubuhi." Nikaandika, na tangu siku hiyo namkuta ameziandika mwenyewe.