Futi, bega na Thomas Aquinas: mafunzo ya sauti kuhusu ukweli

Mimi ni fundi cherehani. Mikono inashughulika kutwa nzima, masikio yako huru, ndiyo maana nilichukua mafunzo haya ya sauti ya Kiswahili. Yana vipindi 12, na kila kipindi kinasoma kifungu kimoja cha swali la kwanza la De veritate (yaani "Kuhusu ukweli"), mijadala ya Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkristo, alipokuwa akifundisha Paris, kati ya 1256 na 1259. Kitabu kizima kina maswali 29. Hilo moja lilinichukua wiki tatu.

Kipindi cha kwanza kimefundishwa kwa subira. Mwalimu haanzi na jibu; anaanza kama Thomas mwenyewe, na hoja za upinzani. Augustino, mwalimu wa kale wa Kanisa, amesema kweli ni kile kilichopo. Sasa ya nini maneno mawili kwa jambo moja? Hoja inaachwa isimame mpaka unakaribia kuikubali, ndipo jibu linapokuja: ukiita kitu "cha kweli" huongezi kitu kingine juu ya kuwepo kwake, unaonyesha kinavyohusiana na akili. Hapo linaingia neno la Kilatini adaequatio, kitu na akili kulingana.

Kipindi cha pili nimekisikiliza mara nne. Akili ya Mungu, anasema Thomas, hupima na haipimwi. Vitu vya asili hupimwa nayo, navyo huipima akili yetu. Akili yetu hupimwa na vitu hivyo, nayo hupima vile tu tulivyovitengeneza wenyewe. Nilisimamisha cherehani. Mteja akisimama mbele yangu, bega lake ndilo linaloamuru: nikiandika 42 na bega ni 44, aliyekosea ni mimi. Gauni likishakatwa, mambo yanageuka. Mkono ukikaa upande, kosa ni la gauni, kwa sababu gauni lilianzia kichwani mwangu. Nimefanya hivyo kila siku kwa miaka, na sikuwahi kuona kwamba nilikuwa napima kwa kwenda na kwa kurudi.

Kinachonisumbua ni kwamba mwalimu anatafsiri adaequatio kuwa "usawa" tangu mwanzo hadi mwisho. Wazo langu la bega haliwi sawa na bega. Halina mfupa wala nyama. "Kulingana" lingetosha, na ni neno tunalolitumia kila siku.

Anselm, mwanateolojia aliyemtangulia Thomas, naye amepewa dakika chache mno. Huyu ndiye aliyeandika mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi, akauita ukweli unyoofu unaoonekana kwa akili peke yake, na haki akaiweka katika unyoofu huohuo. Msikilizaji wa Kiswahili angestahili kusimamishwa hapa, maana "haki" yetu imetoka kwenye haqq ya Kiarabu, neno ambalo Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu, alilitumia kwa maana ya "kweli". Na Thomas anamnukuu Ibn Sina katika kifungu cha kwanza kabisa! Mafunzo yanamtaja kwa jina lake la Kilatini, Avicenna, basi, yanapita.

Vipindi vya 11 na 12, kuhusu uongo katika hisi na katika akili, vimekimbizwa. Hoja za upinzani zimerukwa, tunapewa jibu tupu, na bila hoja hizo jibu la Thomas linasikika kama amri. Ningeomba hivyo viwili virekodiwe upya. Vile 10 vya mwanzo nitavirudia wiki ijayo, nina magauni sita ya kukata.