Bustani ya mtaani Ng'ambo, Tabora: kivuli bure, choo mia mbili

Nyota tatu. Ya nne naizuia mpaka choo kipate mlango.

Naongelea kibustani cha mtaani kwetu, chenye miembe mikubwa na mabenchi ya zege. Kuingia ni bure. Ukitoka kwenye jua la Oktoba, lile linalokufanya utembee ukifuata kivuli cha ukuta, ukaketi chini ya miembe ile, unaelewa kwa nini mji huu ulipandwa miembe tangu enzi za misafara. Wajukuu wanagombania bembea (iliyobaki ni moja, ya pili imebaki minyororo), mimi nanunua karanga za mia tano napiga soga. Jioni anapita muuza kahawa na kashata zake. Hapo sina neno.

Mvua zikikolea, majani yanafika magotini na hakuna wa kuyafyeka. Taa zimebaki nguzo, kwa hiyo giza likiingia wenye watoto tunaondoka, tunawaachia wavuta bangi. Chooni kuna kijana anadai mia mbili, risiti hana, maji unajichotea mwenyewe. Simlaumu, bila yeye hata kufagiwa kisingefagiwa.

Sasa hela. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme wa LUKU: ilianza 1,000 kwa mwezi, mwaka 2023 ikawa 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Kwangu umeme wananunua wapangaji, kwa hiyo nawapunguzia kwenye pango, maana kodi ni ya mwenye nyumba, siyo ya aliyebonyeza tokeni. Mmoja wao makato yote kayaandika kwenye daftari, hasahau hata mwezi mmoja!

Benchi letu linabishana: iongezwe 500 ya bustani kwenye makato hayo au isiongezwe? Wengi tunakubali, hata mwenye daftari. Anayepinga ni mzee mmoja mstaafu wa reli. Anasema kodi ya kichwa ilifutwa 2003, na yeye hayuko tayari kuiona inarudi kwa kupitia bembea.

Mimi naunga mkono, kwa sharti. Hiyo 1,500 ya sasa ikishakatwa sijui inaishia wapi, kwenye bustani sijaiona. Hii 500 ibaki mtaani, ibandikwe ukutani ofisi ya serikali ya mtaa imeingia ngapi na imetoka ngapi, na isomwe kwenye mkutano mbele ya mzee wa reli. Nyumba 200 tu zikitoa, ni 100,000 kwa mwezi. Mfyekaji anapatikana, taa zinawaka, na mlango wa choo fundi anaumaliza kwa siku moja.

Mtu ataniambia tuchangishane. Michango tumeshaichoka. Mjumbe akipita na daftari, wanaotoa ni walewale, wengine wanamwambia arudi mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi geti limefungwa. Kodi inamkamata kila mtu, hata yule wa ghorofa anayeshusha watoto wake hapo kwa gari kila Jumapili na hajawahi kutoa hata shilingi ya ufagio.

Ukija na watoto, njoo Jumamosi kabla ya saa nne asubuhi, bembea haina foleni. Beba sabuni, na mia mbili kamili. Kijana wa choo hana chenji.