Kulala nyumbani kwa wavuvi Ko Yao Noi, Thailand: uzoefu wangu

Nimerudi Tanga wiki tatu zilizopita na begi langu bado linanuka utomvu wa mpira. Kabla ya safari nilitafuta sana maelezo ya Kiswahili ya mtu aliyekwenda kulala kijijini Thailand, sikuyapata. Yaliyojaa ni ya Bangkok, maduka ya jumla na fukwe za Phuket. Basi haya hapa, kwa anayetaka kijiji kama tulivyotaka sisi, mimi na mdogo wangu wa kike.

Tulikwenda Ko Yao Noi mwezi wa kwanza, kipindi cha ukavu. Ni kisiwa kilicho ndani ya ghuba ya Phang Nga, Phuket upande mmoja na Krabi upande wa pili. Wenyeji walio wengi ni Waislamu. Wanavua, wanagema mpira, wana minazi na mashamba ya mpunga katikati ya kisiwa. Mgeni analala kwenye nyumba ya mtu, anakula wanachokula, na nyumba zinapokea wageni kwa zamu ili pesa isiishie kwa mmoja. Sehemu ya malipo inaingia kwenye mfuko wa kijiji.

Utaratibu huu una asili yake, na hiyo asili ndiyo iliyonivuta. Miaka ya 1990 wavuvi wa pale walikuwa wakisumbuliwa na meli za kukokota nyavu. Sheria ya Thailand ilizikataza kuvua ndani ya mita 3,000 kutoka ufukweni, lakini ziliingia hivyo hivyo, zikizoa samaki wakubwa kwa wadogo na kubeba mitego ya watu. Wanakijiji wakajikusanya kuilinda bahari yao. Kupokea wageni ikawa njia mojawapo ya kuwaonyesha watu wa nje shida ile, na ya kujipatia kipato cha pili wakati bahari inapumzika. Mwaka 2002 walipata tuzo ya World Legacy, iliyokuwa ikitolewa na shirika la uhifadhi la Conservation International pamoja na jarida la National Geographic Traveler. Sisi wa Tanga tumeishi na uvuvi wa baruti. Mtu akiniambia kijiji kimesimama kutetea samaki wake, sihitaji kushawishiwa zaidi.

Nianze na kilichoniudhi. Tulilipa kupitia dalali wa mtandaoni, baht 1,500 kwa mtu kwa siku. Tulipofika tukaambiwa bei ya kijiji ni baht 600, milo mitatu ndani yake. Baht moja ni kama shilingi 75 hadi 80 za Tanzania. Piga hesabu ya watu wawili kwa siku nne, ni zaidi ya laki tano zilizobaki kwa mtu ambaye hakutupikia hata chai. Na hakutuambia kwamba boti za kutoka Phuket zinaisha jioni. Tulifika gati ya Bang Rong magharibi imeingia, boti ya mwisho imeshaondoka, tukalala chumba cha karibu na mikoko kwa gharama zetu. Siku ya kwanza ikapotea hivyo. Ushauri wangu: wasiliana na kikundi cha kijiji moja kwa moja, tumia simu kutafsiri, hata kama majibu yanachelewa siku mbili tatu.

Asubuhi tukapanda chombo kikubwa cha mbao kinachochukua kama saa moja. Ipo boti ya kasi ya nusu saa, lakini sioni haraka ya nini. Kwenye boti walikuwa kina mama wenye hijabu na mafurushi ya mboga, matangi ya gesi, kuku, pikipiki mbili, na vijana wanaotoka shule. Mzee mmoja aliponiona na ushungi akanitolea salamu: assalamu alaikum. Nilikuwa nimeshakariri salamu ya Kithai, "sawatdee kha", tangu Dar, sikuitumia hata mara moja siku ile. Kisiwani tulichukuliwa na pikapu yenye mabenchi mawili nyuma, kama zile chai maharage za Unguja.

Nyumba yetu ilikuwa ya saruji chini na mbao juu. Godoro jembamba sakafuni, chandarua, feni. Choo cha kuchuchumaa, pipa la maji na kata. Kila kitu safi, na viatu vinabaki mlangoni. Anayehitaji kiyoyozi na maji ya moto atafute hoteli, zipo, tena za bei kubwa sana upande wa pwani ya mashariki. Mama mwenye nyumba tulimwita Ma, kama wanavyomwita wanawe, na mumewe tulimwita Bang, neno la Waislamu wa kusini kwa kaka mkubwa.

Sasa jiko, maana hapo ndipo nilipoielewa nyumba. Jioni ile Ma akavuta kiti kidogo cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno. Mdogo wangu akaita, "Dada, mbuzi!" Ni mbuzi yenyewe ya kukunia nazi, kiti tu ndicho kifupi zaidi kuliko chetu. Binti wa nyumba anasoma sekondari. Akatueleza kwamba kwa Kithai cha shuleni kifaa hicho huitwa kratai, yaani sungura. Nikamwambia kwetu ni mbuzi. Simu ilibidi itafsiri mara mbili. Ma alipoelewa akacheka, akanipisha, akanionyesha kwa mkono nikae. Nikakuna nazi mbili nzima yeye amesimama pembeni ananitazama, na nilipoacha kabla ya kufikia ganda, nazi iliyokunwa ikabaki nyeupe, akaitikia kwa kichwa. Kuanzia hapo sikuwa mgeni wa kuketishwa sebuleni.

Alikuwa anapika masamani, mchuzi wa kuku wenye viazi na karanga, na jina lake lenyewe linasemekana limetokana na Musulmani. Iliki, mdalasini, karafuu: pua yangu ilikuwa nyumbani. Lakini mikono yake ilinishangaza. Kwetu tui jepesi linatangulia, kasimile, yaani tui zito, ni la mwisho, na likikatika mpishi amekosea. Ma alianza na kasimile. Akaliacha lichemke peke yake mpaka likakatika makusudi, mafuta yakaelea juu yakimeta, ndipo akatia viungo vilivyotwangwa akavikaanga humo humo. Kuku akafuata, tui jepesi likaja mwisho. Nilishika mwiko mkononi nisijue niseme nini. Mchuzi ulivyotoka, mzito, una rangi ya udongo mwekundu, na mafuta ya nazi yamepanda pembeni ya sufuria, ningekwenda kisiwa kile kwa ajili yake tu.

Baada ya magharibi Ma alitutolea mavazi meupe ya kusalia, yanayofunika kichwa hadi miguu. Nikasimama nikielekea kaskazini, kama nilivyosimama maisha yangu yote. Akanishika mabega taratibu akanigeuza. Kutoka Tanga Makka iko kaskazini. Kutoka pale iko magharibi, na kaskazini kidogo. Alfajiri iliyofuata, kwenye rakaa ya pili, nikasikia dua ya qunuti. Wao ni Washafii, madhehebu yanayosoma dua hiyo alfajiri, kama sisi wa pwani. Hatukuwa na lugha moja ya kuulizana habari za asubuhi, lakini dua ile tuliitikia pamoja, na sikuona sababu ya kuficha machozi.

Usiku wa pili Bang alitugongea saa nane. Kugema mpira hufanywa usiku kwa sababu kukiwa na ubaridi utomvu hutiririka vizuri. Jua likipanda unapungua. Tukavaa taa za kichwani tukamfuata shambani. Mistari ya miti iliyonyooka, giza, vyura, na taa za majirani zinapita mbali kati ya mashina. Kila mti una mkato wa mshazari uliozunguka nusu ya shina. Bang kwanza anavuta uzi wa mpira uliokaukia kwenye mkato wa zamani, anautia kwenye mfuko kiunoni, maana nao unauzwa. Kisha kwa kisu chenye ncha iliyopinda anachonga gome jembamba kama kucha, kwa mvuto mmoja wa kurudi nyuma. Asipofikia kina, utomvu hautoki; akizidisha, anaujeruhi mti na hapo hapatagemwa tena vizuri. Matone meupe yakajitokeza, yakaungana, yakashuka kwenye mfereji hadi kikombe. Yalikuwa kama tui kabisa. Alinipa kisu nijaribu mti mmoja mzee. Nilijaribu mara moja nikamrudishia, sikutaka kumharibia.

Asubuhi tulikusanya vikombe, utomvu ukatiwa maji na asidi kidogo kwenye trei, ukaganda kama maziwa mgando mazito. Kisha tukaukanyaga na kuupitisha kwenye mashine ya roli mbili inayozungushwa kwa mkono, ukatoka shuka la mpira, likaanikwa kwenye kamba kama nguo. Nyumba nyingi zina kamba hizo uani. Harufu ni kali, wengine haitawapendeza. Nimekulia karibu na shamba la mpira la Kihuhwi kule Muheza, na ilibidi nifike Thailand ndipo nione mpira unavyotoka kwenye mti hadi kwenye shuka.

Baharini tulikwenda nusu siku. Mashua zao nyembamba zina injini ya gari iliyofungwa juu ya tezi, na mhimili mrefu wenye pangaboi mwishoni. Nahodha anauinua na kuuzungusha kwa mikono, hivyo anapita hata kwenye maji ya goti. Bang alitega nyavu za kaa, akatuonyesha madema ya ngisi na vizimba vya samaki vinavyoelea. Pembeni yetu milima ya mawe ya chokaa imesimama wima baharini, mmoja mmoja. Picha zake mmeziona. Picha haziwezi kuonyesha kwamba Bang anahesabu siku za mwezi kama babu yangu wa Kigombe: mwezi mchanga na mwezi mpevu maji ni ya bamvua, yanajaa na kupwa sana, katikati yake ni maji mafu, yanayosogea kidogo, na ndivyo anavyojua nyavu ataweka wapi. Kwa vidole tulihesabu pamoja mpaka tukaelewana.

Kasoro zipo. Maji yakipwa, ufuo mwingi wa upande wa kijiji ni tope na mawe, usitegemee kuogelea muda wote, na jioni visubi wanauma kuliko mbu. Pilipili ni nyingi mno. Mdogo wangu anaipenda, mimi nilijifunza kusema "mai phet", isiwe kali, na bado ilikuwa kali. Programu ya kutafsiri ilishindwa mara nyingi, kwa sababu watu wanaongea Kithai cha kusini na simu inajua cha Bangkok. Mwambieni kijana wa nyumba aandike badala ya kusema. Siku ya tatu mchana tulipelekwa karakana ya batiki, dakika ishirini za haraka haraka na meza ya kununulia vitu mlangoni. Ningepewa uchaguzi ningebaki kutazama ndege hondohondo walioshuka kwenye mti wa nyuma ya nyumba, wawili, hawaogopi mtu.

Kijiji kina masharti, na nayaunga mkono: hakuna pombe nyumbani, na huvai nguo za kuogelea barabarani. Tuliona wageni wawili wamevunja hilo la pili, Ma akageuza uso tu. Si wa kugomba, ndiyo maana ni wajibu wa mgeni kujua.

Kwa makaratasi: viza tuliomba mtandaoni. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa anayetoka Tanzania au Kenya, na ukitua Bangkok upite kwanza dawati la afya kabla ya foleni ya uhamiaji, la sivyo utarudishwa nyuma. Tangu Mei 2025 kuna pia fomu ya kuingilia inayojazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na haina malipo. Ukiona tovuti inakudai pesa kwa ajili yake, toka. Beba pesa taslimu, ingawa mashine za benki zipo kisiwani. Na usikae siku moja. Siku ya kwanza utaona nyumba na minazi, ukadhani umemaliza.

Zawadi tulipeleka doti ya kanga. Ma akataka kujua maandishi yanasema nini, binti akayaandika kwa Kithai kwenye daftari, wakasomeana jikoni. Yeye alitupa kopo la kapi, kamba waliosagwa na chumvi, limefungwa mifuko mitatu ili lisinuke ndegeni.

Dalali nimemwandikia mara mbili kuhusu ile tofauti ya bei na siku tuliyoikosa, hajajibu. Jana nimepika masamani ya Ma. Nimetanguliza kasimile, nikaliacha motoni mpaka likaanza kukatika. Mama yangu akaingia jikoni, akaliona, akanyoosha mkono kuepua sufuria. Nikamwomba angoje kidogo.