Stendi ya sumaku ya baiskeli: kwa anayerudi mazoezini, hii inatosha

Kama baiskeli unayo nyumbani na mwili umelala muda mrefu, usikimbilie mashine ya bei kubwa. Nunua stendi ya chuma ya sumaku, ile inayoshika gurudumu la nyuma na kuliegemeza kwenye rola ili ukanyage ndani ya nyumba bila baiskeli kwenda popote, kisha pesa iliyobaki tia kwenye tairi laini lisilo na meno na feni. Nimeitumia yangu tangu kaskazi ikivuma, sasa mvua za masika zimeingia, na kauli yangu ni hiyo.

Mimi ni mwalimu, nakaa Tudor, Mombasa, ghorofa ya pili. Goti langu la kulia liliteguka, na lilipopoa daktari wa viungo akanishauri nianze na baiskeli kabla ya kufikiria kukimbia, kwa kuwa ukiwa umekaa kitini goti halibebi mwili mzima. Barabarani sikutaka. Asubuhi njia ya Makupa na ya daraja la Nyali imejaa matatu, tuktuk na bodaboda zinazopenya popote zinapoona nafasi, na goti linalopona si la kurukia kando ya barabara. Tena nilitaka kufanya mazoezi mlango umefungwa, bila buibui na bila macho ya watu. Kwangu hilo ni jambo kubwa, na wanawake wengi wa mji huu wanalijua.

Ziko aina kadhaa. Ziko rola tatu tupu unazozipandia baiskeli bila kushikwa na chochote. Hizo ni za watu wenye mizani, si zangu. Ziko za mafuta yaliyofungiwa ndani, ambazo uzito wa kukanyaga hupanda wenyewe kadiri unavyoongeza kasi, na huwa kimya zaidi, lakini bei imepanda pia. Ziko zile unazovua gurudumu la nyuma kabisa na kuunganisha na simu. Hizo ni nzuri kwa anayejiandaa na mashindano. Mimi nilichukua ya sumaku kwa shilingi 13,500. Ukikanyaga, rola huzungusha kisahani cha chuma kinachopita karibu na sumaku, na sumaku hukizuia bila kukigusa. Kiwaya kinakwenda hadi kwenye usukani. Ukisukuma kijiti, sumaku zinasogea na uzito unabadilika. Haihitaji stima hata kidogo, na mjini kwetu hiyo ni sifa.

Muuzaji namsifu. Duka lake liko upande wa Mwembe Tayari, dogo, vitu vimening'inia hadi darini. Nilipouliza kama itaingia kwenye baiskeli ya mwanangu hakunijibu kwa kubahatisha. "Mama, ilete hapa tuifunge, ikikataa huna haja ya kulipa." Tukaifunga, na ikakataa. Baiskeli ile ya inchi 26 ilikuwa na ekseli nzima ya nati, na stendi imetengenezewa ekseli yenye tundu katikati, inayopitishwa kile chuma chembamba cha kubana kwa mkono kinachokuja ndani ya boksi. Fundi wa jirani akabadilisha ekseli, kazi ya muda mfupi, na baiskeli ikakaa imara. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, itazame ekseli yako. Wenye ile baiskeli kubwa nyeusi ya mizigo wasijisumbue: keria na stendi yake ya miguu vimefungwa palepale kwenye ekseli ya nyuma, vikombe vya stendi ya sumaku vinavyobana ncha za ekseli havipati pa kushika.

Tairi ndilo lililoleta kelele. Lilikuwa la meno, la kupandia milima, na kila jino likigonga rola nyumba nzima ilikuwa ikinguruma. Dada anayekaa chini yangu alipanda kuniuliza kwa upole kama nimenunua mashine ya kusaga. Nikatia tairi laini, nikalaza mkeka mzito wa mpira chini, na siku hizi anasikia mvumo tu, asubuhi baada ya swala, naye hajalalamika tena. Gurudumu la mbele nalo liinue kwa kipande cha mbao kama boksi halina kiegemeo chake. Usipoliinua utakuwa unateremka muda wote, na viganja vitakufa ganzi.

Sasa joto, maana hapa ndipo wengi huacha. Barabarani upepo wa mwendo unakukausha. Sebuleni haupo, na hewa ya Mombasa imeshiba unyevu hata jasho halikauki mwilini. Bila feni iliyoelekezwa kifuani utashuka mapema, na utadhani ni udhaifu wako. Stima ikipotea nafungua dirisha la upande wa kriki, ule mkono wa bahari, na kupunguza uzito. Jasho lenyewe lina chumvi, linakula nati za usukani, kwa hiyo tandika kanga kuukuu juu ya usukani na fremu, na ufute baiskeli ukimaliza.

Kwa wenye magoti kama mimi: pandisha kiti. Kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Kiti cha chini ndicho kinacholiumiza goti. Kisha kanyaga haraka kwa uzito mdogo, usishindane na kijiti. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na zikigawanywa asubuhi tano ni nusu saa tu, muda wa kusikiliza taarifa ya habari na mawaidha kidogo.

Kasoro zipo. Kofia moja ya plastiki ya mguu wa stendi ilichomoka mapema, na kwenye marumaru zetu zisizo sawa stendi ikatikisika mpaka nikaikunjia kipande cha mpira. Kijiti cha uzito kina hatua sita, ila ya kwanza na ya pili sizitofautishi. Tairi nalo linalika: utaona unga mweusi chini ya rola. Usikaze rola kupita kiasi. Ikiwa tairi halitelezi unapokanyaga kwa nguvu ghafla, imetosha. Na ukimaliza, ilegeze rola iachane na tairi, maana ikibanwa usiku kucha tairi hubonyea pahali pamoja, na kesho yake utasikia linagonga kila mzunguko.