Cloudflare Tunnel: seva juu ya friji Kisauni, na tovuti inafunguka hadi nje

Cloudflare Tunnel ni huduma ya kampuni ya Cloudflare ya kufikisha wageni wa intaneti kwenye seva yako ya nyumbani. Nimeitumia tangu mwezi wa nane, kwa hivyo naisema nikiijua.

Mamangu mdogo anauza leso Biashara Street, nikamtengenezea tovuti ya kuonyesha mzigo mpya, nikaiweka kwenye Raspberry Pi (kakompyuta kadogo) juu ya friji kwangu Kisauni. Kulipia hosti sikutaka, si faiba nalipa tayari jamani. Ndani ya nyumba inafunguka raha mstarehe, nikijaribu na bando ya simu, kimya. Nikafungua poti 80 na 443 (milango ya kuingilia tovuti) kwenye ruta, nikafunga nikafungua tena, nikaweka na DuckDNS (jina la bure la kuelekeza watu nyumbani kwako), usiku mbili silali, na kastoma kea ya hao wa intaneti (siwataji) wimbo wao ni mmoja tu, zima ruta uwashe. Kumbe kwenye ruta imeandikwa kabisa IP yangu (namba ya anwani ya intaneti) inaanza na 100.72 na mimi naiangalia tu! Ukiona pale kwenye WAN (upande wa ruta unaotazama intaneti) namba kati ya 100.64 na 100.127 jua uko nyuma ya CGNAT, yaani wateja kibao mnagawana IP moja ya nje, ufungue poti mpaka vidole viote sugu, mgeni akibisha anaishia getini kwa kampuni, kwako hafiki. Kuwabana, wakasema IP ya kudumu ni ya pakeji ya biashara. Haya.

Sasa hii Tunnel inapindua mambo. Kuna kaprogramu kanaitwa cloudflared, unakaweka kwenye Pi, kenyewe ndiko kanatoka kwenda kushika laini kwa Cloudflare, na kutoka hakuna anayekuzuia, wageni wanakuja kupitia laini hiyo hiyo. Zile poti nikazifunga zote. Cheti cha https wanakupa wao. Ni bure tangu 2021, ila domeni (jina la tovuti) lazima uwe nayo na DNS yake, ile inayoelekeza jina kwenye seva, uihamishie kwao, ya kwangu ni .co.ke, ilikubali bila maneno. Kitu kimoja kilinila mchana mzima: nilijaza https://localhost wakati nginx yangu (programu inayotoa kurasa za tovuti) ni http tupu, nikawa napata kosa la 502 kila nikifungua, kumbe ni hiyo herufi s.

Kasi sina neno. Wana kituo hapa hapa Mombasa, ukiongeza /cdn-cgi/trace mwisho wa anwani unaona colo=MBA (yaani kituo ni Mombasa), wallahi nilifurahi kama mtoto.

Kasoro zipo. Pakeji ya bure haipandishi faili kubwa kuliko MB 100 kwa mpigo, video ya harusi aliyotaka mama mdogo iwekwe ikagoma. Halafu ile https inafunguliwa kwao kwanza ndo ije kwako, ina maana wakitaka kuchungulia wanachungulia. Leso sijali, picha zenyewe ni za kuonyesha watu, lakini makaratasi ya hospitali ya familia singepitisha hapo.

Na mambo ya stima Tunnel haisaidii. Ikipotea, Pi inazima na ukurasa unaandika kosa 1033 (laini ya Tunnel imekatika), basi mama mdogo ananitumia voisi, "Baba, duka limefungwa tena, huko kwenu hakuna stima?" Mimi niko kazini Changamwe, yeye yuko mjini, na ndiye anayejua kwanza kwamba Kisauni kuna giza.