Nora Aondoke au Abaki?

A Doll's House, tamthilia ya Henrik Ibsen wa Norway kuhusu ndoa ya Nora na Torvald Helmer, iliyoigizwa mara ya kwanza Copenhagen Desemba 1879, ina miisho miwili, yote ya mkono wake mwenyewe.

Katika mwisho wa asili, Nora anawaacha mume na watoto watatu, na mlango unabamizwa. Huyu si malaika aliyeonewa. Alighushi saini ya babake apate mkopo wa kumpeleka Torvald Italia akapone, akaficha deni kwa miaka, na kudanganya kumekuwa desturi yake hata kwa biskuti za lozi anazokula kwa siri. Akiondoka, wanaolipa ni watoto. Ibsen hamsafishi, ndiyo maana bado tunabishana juu yake.

Mwisho wa pili aliuandika 1880 kwa ajili ya Ujerumani, baada ya mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe kugoma kuigiza mama anayetelekeza wanawe. Torvald anamvuta hadi mlangoni pa watoto. Nora anaishiwa nguvu, anabaki. Ibsen aliuona kuwa ukatili dhidi ya tamthilia yake, ila aliona heri auandike mwenyewe kuliko kumwachia mwingine.

Mimi nachukua wa kwanza. Wa pili unampunguzia Nora hatia moja, kisha unamrudisha kwa mume ambaye, barua iliyofichua kughushi kwa Nora ilipofika, aliwaza heshima yake tu.