Goti bovu na jasho la kweli: uzoefu wangu wa mazoezi ya majini Nyali

Niseme mapema: kwa mtu wa Mombasa mwenye goti linalouma na anayetaka kuchoma kalori sawasawa, mazoezi ya majini yanafaa, tena yanafaa sana. Lakini si kila kinachofanywa bwawani kinamfaa. Kilichonisaidia mimi ni mkanda wa kuelea na upande wa kina kirefu. Lile darasa la kina kifupi, lenye muziki na kurukaruka, ningependa wenye magoti mabovu waliingie kwa hadhari, na nitaeleza kwa nini.

Langu ni goti la kulia. Niliteleza nyumbani, Mji wa Kale, kwenye zile ngazi za mbao za nyumba zetu za zamani zilizosimama wima na vidato vyake vyembamba. Unyayo ulibaki, mwili ukageuka, gegedu likachanika. Gegedu hilo lina umbo la hilali, limekaa kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi, na kazi yake ni kupokea uzito na kuusambaza. Daktari alipotazama picha alisema halina haja ya kupasuliwa. Linataka misuli ya paja iliyo imara na mwili uliopungua. Alinifahamisha kwamba kila kilo moja inayotoka mwilini huliondolea goti mzigo wa karibu kilo 4 katika kila hatua. Nilitoka pale na hesabu hiyo kichwani, kwa sababu hatua za siku moja tu ni maelfu.

Sasa utapungua vipi na hata kutembea huwezi? Mazoezi yangu yalikuwa kutembea jioni Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari. Tangu pale palipokarabatiwa mwaka 2019 njia zimekuwa sawa, upepo wa bahari upo, watu wapo, mtu anatembea bila kuhisi kwamba anafanya mazoezi. Baada ya kuumia, nusu ya njia ile ilitosha kulifanya goti livimbe usiku. Nikabaki ndani, mahamri na mbaazi za nazi zikaendelea kama kawaida, na uzito ukapanda badala ya kushuka. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyekuwa akinishughulikia ndiye aliyenielekeza. Aliniambia, "Mama, goti lipumzike, moyo usipumzike. Nenda majini."

Nilipokwenda ni hoteli moja ya ufukweni Nyali inayopokea watu wa nje. Asubuhi za katikati ya wiki bwawa linatengwa kwa kina mama peke yao, mwalimu ni mwanamke na hata anayelinda bwawa ni mwanamke. Kwa sisi wa stara jambo hili si dogo. Wapo kina mama wengi mjini wenye magoti mabovu na sukari ambao hawajawahi kuingia bwawani kwa sababu hiyo tu, na hoteli inayotenga saa mbili kwa ajili yao inawafanyia hisani kubwa ya afya. Malipo ni shilingi 700 kwa darasa. Kufika si kazi: kutoka mjini unavuka daraja la Nyali kwa matatu, unamalizia na tuktuk. Ugumu ni kupanda matatu yenyewe, kidato chake kiko juu. Mimi humwambia makanga, "Kaka, ningoje, nina goti," na wengi wanangoja, wengine wanakupa mkono.

Nije kwenye maji. Ukisimama maji yakakufika kiunoni, miguu inabeba karibu nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani inabeba kama thuluthi. Yakifika shingoni inabaki kama sehemu moja ya kumi. Kwa goti lililochanika gegedu, tofauti hii unaihisi mara moja: unakunja mguu, unaunyoosha, na ule mchomo wa upande wa ndani haupo. Na usidhani kwamba wepesi huo maana yake kazi imepungua. Maji ni mazito, na ukizidisha kasi maradufu, ukinzani wake unakaribia mara nne. Kwa hiyo ugumu unaupanga wewe mwenyewe, polepole kwa siku ya maumivu, kwa nguvu siku goti limetulia.

Darasa linaanza kina kifupi, maji ya kiunoni. Kupasha mwili moto, kutembea mbele na nyuma, kutembea kiubavu, dumbeli za sponji za mikono. Hadi hapo ni raha. Kisha muziki unapanda na kila mtu anaanza kuruka, miguu inapanuliwa na kufungwa, watu wanageuka huku wanaruka. Maji ya kiunoni yanakubebea nusu tu. Nusu iliyobaki inatua gotini, tena kwenye vigae, tena pamoja na kujipinda, na kujipinda ndiko gegedu lililochanika lisikokutaka kabisa. Kasoro kubwa ya darasa hili ni kwamba mwalimu haulizi mwanzoni nani ana jeraha gani. Ni mwalimu mchangamfu na mwenye subira, lakini kundi la watu wa umri wetu haliwezi kukosa magoti mabovu, na swali moja lingetosha. Ukienda, mwambie mwenyewe kabla hujaingia majini. Nilipomwambia alinipa mkanda akanipeleka kina kirefu, na tangu hapo sehemu ya kuruka naifanya huko.

Mkanda wenyewe ni wa sponji ngumu, mpana mgongoni, mwembamba mbele, na unafungwa kwa bizimu ya plastiki. Unauvaa kiunoni, unaingia pasipo na kina cha kusimama, na unaelea wima, maji yakiwa chini kidogo ya kidevu. Halafu unakimbia. Nyayo hazigusi kitu. Goti linapanda mbele, mguu unasukumwa nyuma, mikono inakwenda kama ya mtu anayekimbia barabarani, kifua kimeelekea mbele kidogo tu. Wengi wakianza huinama sana wakageuka kuwa wanaogelea kama watoto, au hukanyaga chini chini kama wanaoendesha baiskeli ndogo. Mwalimu alinishika mabega akaninyoosha mpaka mwili ukakubali. Mimi hukimbia kwa nguvu dakika moja, napumzika dakika moja kwa mwendo wa taratibu, narudia mpaka nusu saa iishe. Ukifanya sawasawa, katika ile dakika ya nguvu huwezi kusema sentensi nzima. Kipimo hicho nakiamini kuliko saa ya mkononi, maana ndani ya maji saa hizo husoma mapigo vibaya, na mapigo yenyewe huwa chini kuliko nchi kavu kwa kazi ileile.

Mkanda una tabia yake. Usipokazwa unapanda hadi makwapani na kukusukuma kidevu juu. Juu ya nguo ya kuogelea ya stara, ile ya suruali, kanzu fupi na kofia, ndiyo kabisa, kwa sababu kitambaa kinateleza. Dawa niliyofundishwa na bibi mmoja wa darasani ni kuufunga chini ya ile kanzu fupi, juu ya suruali, ukiwa umetoa pumzi nusu. "Mwanangu, kaza kabla hujaingia, ndani ya maji hutaweza," aliniambia, nikamjibu, "Naam, bi mkubwa," na kweli haujapanda tena. Bibi huyu hajui kuogelea, na anakimbia kina kirefu kwa utulivu unaopendeza. Lakini mkanda huu si jaketi la kuokoa maisha: hautakugeuza uso juu ukizimia. Bila mlinzi wa bwawa kando, asiyejua kuogelea asiingie.

Kalori sasa. Wataalamu hupima kazi ya mwili kwa kuilinganisha na kukaa kimya, ambako huhesabiwa kizio kimoja, na hesabu ya haraka ni kwamba kila kizio kimoja ni karibu kalori moja kwa kilo moja ya mwili kwa saa. Kutembea mwendo wa kawaida ni kama vizio 3.5. Mazoezi ya kundi majini yanazidi 5 kidogo. Kukimbia kina kirefu ukijikaza hufika 8. Kwa mtu wa kilo 80, saa nzima ya kutembea ni kalori 280 hivi, saa ya darasa ni kama 420, na nusu saa tu ya kukimbia na mkanda kwa nguvu inafika 320. Ndiyo maana nasema jasho la kweli, ingawa jasho lenyewe hulioni kwa vile limechanganyika na maji. Kwa hiyo kunywa maji usisahau. Jambo jingine: ukitoka bwawani njaa huja kwa kishindo. Pale nje wanauza viazi karai vya moto, na sahani moja yenye ukwaju na chatne inarudisha sehemu kubwa ya kile ulichokitoa. Mimi hubeba ndizi na dafu.

Watu huniuliza, bahari ipo bure, kwa nini ulipie bwawa? Nimeijaribu, kwenye fukwe za Pirates na Nyali, na naipenda. Lakini goti na bahari yetu vina masharti. Maji yakipwa unatembea mbali kuifuata bahari, juu ya mchanga uliojaa mawe na mashimo. Yakijaa, hasa wakati wa bamvua, wimbi linakusukuma kiubavu na goti linajipinda kabla hujajiandaa. Ufuo nao umelala upande, mguu mmoja unakanyaga juu na mwingine chini. Nyakati nzuri ni za maji mafu, wiki ambazo kupwa na kujaa havipishani sana, na msimu wa kaskazi kuliko kusi, maana kusi inaleta mawimbi na mwani hadi ufukweni. Siku kama hizo, maji ya kifuani na mtu wa kukushika, kutembea baharini ni tiba nzuri isiyo na malipo. Ukitaka kukimbia bila kugusa chini, bwawa ni salama zaidi.

Kuogelea kwa kawaida kunafaa pia, ila chagua mtindo. Ule wa kupiga miguu kama chura unaliminya goti upande wa ndani, na kwangu uliamsha maumivu siku ileile. Kupiga miguu iliyonyooka, juu chini kutoka nyongani, hakuna tatizo.

Na mnisikilize vizuri kuhusu jambo hili: maji peke yake hayatoshi. Kwa vile hayabebeshi mwili uzito, mifupa haipati kazi inayoihitaji, na msuli wa paja unaolishikilia goti unataka kukazwa nchi kavu. Kila asubuhi nalala chali, mguu mmoja nimeukunja, ule mbovu nimeunyoosha, nalikaza paja mpaka pia ya goti ipande kidogo, nauinua taratibu na kuushusha taratibu. Ramadhani darasa linapositishwa, nabaki na haya na baiskeli ya mazoezi ya jirani yangu, kiti nikiwa nimekiweka juu ili goti lisikunjwe sana.

Kasoro nyingine za pale ni za majengo. Kutoka bwawani upande wa kina kirefu kuna ngazi ya chuma tu, na unapoipanda uzito wako wote unakurudia kwa ghafla, ukianzia kwenye goti lililochoka. Mimi huelea hadi kina kifupi, natoka kwa vidato vipana vyenye mhimili wa kushika. Vigae vya njia ya kuelekea bafuni vinateleza na hakuna zulia la mpira. Kwa watu walioletwa pale na majeraha, hilo lingefaa kurekebishwa leo, si kesho. Mikanda ni michache, wanaochelewa wanakosa.

Goti langu sasa halivimbi kila wiki. Uzito unashuka, polepole, na ngazi za nyumbani nazipanda mguu mbele ya mguu, si kama zamani nilipokuwa naweka miguu yote miwili kila kidato. Kipimo changu ni cha kesho yake: kama asubuhi goti limekuwa baya kuliko jana, darasa linalofuata napunguza nguvu. Goti likikwama lisikunjike wala kunyooka, au likijaa maji ghafla, hapo ni daktari, si bwawa. Na aliyepasuliwa asubiri kidonda kifunge kabisa.

Kabla ya kulipa popote, uliza mambo mawili kwa simu. Kwanza kina: yako mabwawa ya hoteli ambayo upande wake wa ndani kabisa ni mita 1.5, na hapo mtu mzima anagusa chini, kwa hiyo mkanda hauna kazi. Pili, saizi za mikanda, kwa sababu mingi ni midogo na kina mama wanene hurudishwa nyumbani. Mimi nimenunua wangu kwa shilingi 3,500, mkubwa wenye bizimu mbili, na wa kwanza kuuazima kwangu alikuwa yule bibi.